Pacha wa Mashine na Mtu Aliye Mbele Yake

Hotuba ya fundi mmoja wa mashine za kukereza mbele ya mkutano wa tawi. Tunaichapa hapa kwa kuwa ndugu wa zamu ya usiku hawakuweza kuja.



Katibu ameniomba niseme habari ya kitu kipya kinachoingia viwandani, nacho huitwa pacha wa kompyuta. Nilipokuwa naingia mlangoni nilimsikia ndugu mmoja akisema, "Leo tunaletewa habari za kompyuta, na bei ya unga je?" Namjibu ndugu huyo mbele ya wote: nitakayosema ni habari za unga. Ni habari za nani atapewa barua ya onyo, nani atahesabiwa kuwa mvivu, na vipande vingapi vitatakiwa kwa saa moja. Nawaomba mnivumilie.

Mimi si injinia, wala sikuona mlango wa chuo kikuu. Nimesimama mbele ya lethi miaka 31. Mambo mengine nitakayosema nimeyasoma usiku katika karatasi alizonitolea kijana wangu, na mengine nimeyaona kwa macho yangu kazini.

Kwanza, pacha ni kitu gani? Si mashine ya pili iliyofichwa stoo. Ni maelezo ya mashine yaliyowekwa ndani ya kompyuta, yaani picha yake, vipimo vyake na hesabu za mwendo wake, kisha maelezo hayo yakaunganishwa na mashine ya kweli kwa waya na vipima joto, vipima mtetemo na vipima umeme. Mashine ikizunguka, pacha naye huzunguka katika kioo. Beringi ikipata moto, pacha huonyesha moto. Bwana Meneja anaweza kukaa ofisini akajaribu kazi kwa pacha kabla ya kukata chuma hata kidogo.

Watu wengi husimulia habari hii kuanzia chombo cha Apollo 13. Mwezi wa Aprili 1970 Wamarekani watatu walikuwa njiani kwenda mwezini, na tangi la oksijeni likapasuka. Huku duniani kulikuwa na vyumba vya mazoezi vilivyojengwa kufanana na chombo chenyewe. Mafundi na wana anga wengine wakaingia humo, wakajaribu njia za kuwasha mitambo kwa umeme mdogo uliobaki, na walipoona njia inafaa wakawaambia wale walio juu. Wote watatu wakarudi salama tarehe 17 Aprili. Hapo hapakuwa na pacha wa kompyuta kama huyu wa leo, lakini wazo ni lile lile. Wazo la pacha wa kompyuta kwa bidhaa za kiwanda lilielezwa na Bwana Michael Grieves katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 2002, na mwaka 2010 jina lenyewe la pacha likaingia katika maandishi ya NASA.

Sasa angalieni. Wataalamu wengine hutenganisha vitu vitatu, na sisi tuvitenganishe pia, kwa maana ofisini hupenda kuvichanganya. Kuna picha tu, ambayo haina waya wowote. Mtu huijaza kwa mkono. Kuna kivuli, ambacho hupokea habari kutoka kwa mashine lakini hakisemi neno. Na kuna pacha kamili, ambaye hupokea habari na pia hurudisha amri: punguza mwendo, badili kisu, kazi hii ipelekwe mashine namba 4. Siku mtakapoambiwa "tumeleta pacha", swali la kwanza la mwakilishi wetu liwe hili: je, huyu anatazama tu, au anatoa amri? Jibu la swali hilo hubadilisha mambo yote yanayofuata.

Basi nije kwenye moyo wa habari yenyewe, nao ni neno moja: uwezo.

Ili pacha aweze kupanga kazi, lazima aambiwe kila mashine inaweza nini. Mtu akileta mchoro wa pini ya chuma, kompyuta husoma mchoro ule ikatafuta: kazi hii inataka uwezo gani? Kisha hupita katika mashine zote ikiuliza: nani ana uwezo huo? Uwezo unaotakiwa unalinganishwa na uwezo unaotolewa, na vinapokutana, kazi inapewa mashine. Kazi hii ya kulinganisha ilikuwa kichwani mwa msimamizi wetu wa zamani. Na nendeni Kamukunji au Gikomba mkamtazame fundi wa jua kali. Mteja anafika na mlango uliovunjika bawaba; fundi anautazama mara moja, anasema, "Hii nitachomelea hapa, ile mpelekee yule pale, ana mashine ya kukunja." Hiyo ndiyo hesabu yenyewe. Tofauti ni kwamba fundi yule anajua pia kwamba mashine ya kukunja ya jirani yake imelegea upande wa kushoto.

Wajerumani wameshughulika sana na jambo hili tangu walipotangaza mpango wao wa viwanda vya kompyuta katika maonyesho ya Hannover mwaka 2011. Mwaka 2022 walitoa karatasi yenye kugawa jambo hili mara tatu. Uwezo, wanasema, ni maelezo ya kazi inayoweza kutendwa, bila kusema itatendwa kwa njia gani: kwa mfano, kutoboa tundu la milimita 10 katika chuma. Pili ni utendaji wenyewe, yaani ile programu ndani ya mashine ambayo ukiibonyeza tundu linatobolewa kweli. Tatu ni huduma, yaani uwezo ule ukiwekewa bei na siku ya kumaliza ili uuzwe kwa mtu wa nje. Mgawo huu nimeupenda. Mtu anaweza kuwa na uwezo katika karatasi na asiwe na utendaji. Anaweza kuwa na utendaji na asiuze. Sote tunawafahamu watu wa namna hiyo, na baadhi yao wamewahi kuomba kura zetu.

Lakini hata kutaja uwezo si jambo rahisi. Kompyuta haielewi mambo ya kubahatisha. Katika karakana moja utasikia "toboa", katika nyingine "piga drili", katika nyingine "chimba tundu", na kumbe mmoja anataka tundu la kupitisha bolti tu, na mwingine anataka tundu lililosafishwa ndani mpaka pini iingie kwa kusukumwa na kidole. Kwa hiyo wametengeneza kamusi za viwandani, ambamo kila sifa ina namba yake, ili kipenyo kisichanganywe na urefu, wala milimita na inchi. Wajerumani wana kanuni yao ya DIN 8580 inayogawa kazi zote za kutengeneza vitu mafungu 6: kuumba kitu kutoka kitu kisicho na umbo, kama kumimina chuma kilichoyeyuka, kubadili umbo, kama kufua na kukunja, kukata, kuunganisha, kupaka, na kubadili hali ya ndani ya kitu, kama kukaza chuma kwa moto. Jaribuni kuwaza kazi ya kiwanda chenu isiyoingia katika mafungu hayo. Mimi nimejaribu wiki nzima, sijaipata.

Kisha, juu ya jina la kazi, huandikwa mipaka: ukubwa wa kipande kinachoingia, mwendo wa kuzunguka, nguvu ya mota, aina ya chuma, na usahihi. Hapo kwenye mipaka ndipo ninapotaka tukae, maana hapo ndipo mwenzetu mmoja aliumizwa.

Kiwanda sitakitaja. Alikuja bwana mmoja na kompyuta yake ya mkononi, akakaa siku mbili ofisini. Karakana alipita mara moja, na suruali yake haikupata hata tone la mafuta. Vitabu vya watengenezaji wa mashine vilikuwa kabatini. Akavifungua, akanakili namba. Mashine namba 7 katika kitabu chake ilisema inaweza kukereza kwa usahihi wa kujumlisha au kutoa 0.02 ya milimita. Kitabu kilisema kweli, siku kilipochapwa. Lakini mashine ile ilikuwa imefanya kazi zamu mbili kwa miaka mingi. Beringi za mhimili zilikuwa zimelegea, na reli karibu na taya zilikuwa zimelika, kwa sababu kazi zetu nyingi ni fupi na kisu hupita pale pale kila siku. Kila fundi alijua. Msimamizi wa zamani alikuwa hapeleki kazi nyembamba namba 7 hata ukimlilia. Alipeleka namba 4. Lakini katika kompyuta namba 7 ilikuwa bado bibi arusi.

Msimamizi yule akastaafu, na kazi ya kugawa ikapewa kompyuta. Ikaja oda ya pini za milimita 20, ruhusa ya kukosea ni 0.02 juu au chini. Kompyuta ikaona namba 7 haina kazi na uwezo inao. Kijana aliyekuwa pale, mwenye mwaka mmoja kazini, akaanza kutoa vipande vilivyokataliwa. Ripoti ya kila juma ilikuwa na sehemu ya sababu. Sababu zilikuwa za kuchagua: malighafi, kisu, mashine, mwendeshaji. Malighafi ilikuwa sawa. Kisu kilikuwa kipya. Mashine, kwa maelezo ya kompyuta, ilikuwa na uwezo. Ikabaki nini, ndugu zangu? Akabaki kijana. Akapewa barua ya kwanza, kisha ya pili.

Alipokuja kwa mwakilishi wa chama tulifanya jambo moja tu. Hatukupiga kelele. Tuliomba ruhusa ya kukereza pini 30 katika namba 7, mimi mwenyewe nikiwa mbele ya mashine, na zipimwe zote kwa maikromita moja mbele ya Bwana Meneja. Pini 2 katika zile 30 zilikuwa nje ya ruhusa. Mimi, mwenye mvi.

Hapa inafaa niwaeleze hesabu yake, kwa maana ni silaha nzuri, nayo haikuvumbuliwa jana. Tangu mwaka 1924 Bwana Walter Shewhart wa Marekani, aliyekuwa katika kampuni ya simu ya Western Electric, alionyesha kwamba kila mashine ina kutawanyika kwake. Hakuna mashine itoayo vipande viwili sawasawa kabisa. Ukipima vingi utaona vinatawanyika kuzunguka kipimo cha katikati, na kutawanyika huko kuna kipimo chake. Ukizidisha kipimo hicho mara 6 unapata upana ambao karibu vipande vyote vitaangukia. Kisha unachukua upana wa ruhusa uliopewa na mchoro, unaugawa kwa upana huo wa mashine.

Tuchukue pini zetu. Ruhusa ni 0.02 juu na 0.02 chini, jumla 0.04. Kama kutawanyika kwa mashine ni 0.005, mara 6 ni 0.03. Gawa 0.04 kwa 0.03, unapata 1.33. Hiyo ni mashine nzuri. Viwanda vingi hutaka isipungue hapo. Vipande vitakavyotoka nje havitafika hata kimoja katika 1,000. Lakini kama kutawanyika ni 0.01, mara 6 ni 0.06, na 0.04 kwa 0.06 ni 0.67. Katika mashine hiyo, hata ukiweka kipimo katikati kwa uangalifu wote, vipande kama 45 katika 1,000 vitatoka nje. Havitoki kwa uvivu wa mtu. Havitoki kwa kulala wala kwa kuzungumza kwenye simu. Vitatoka akisimama pale mtakatifu. Namba 7 ilikuwa mashine ya namna hiyo.

Tuliona na jambo la pili tulipokuwa tunapima. Pini za asubuhi, kabla mashine haijapata moto, hazikukaa mahali pamoja na zile za saa nane mchana. Ninyi mnaofanya kazi chini ya mabati mnajua baridi ya alfajiri ya Nairobi mwezi wa Julai, na joto la mchana mwezi wa Februari. Chuma hutanuka. Kipande cha urefu wa mita moja hutanuka kama sehemu 12 za elfu za milimita kwa kila digrii moja ya joto. Shafti ya nusu mita, joto likipanda digrii 12 tangu asubuhi, itarefuka kama 0.07 ya milimita. Ruhusa yako yote ilikuwa 0.04! Ndiyo maana vipimo vya kiwandani duniani kote huhesabiwa kwa joto la digrii 20. Kitabu cha mtengenezaji kiliandikwa katika chumba chenye joto hilo. Hakikuandikwa chini ya mabati yetu.

Barua za kijana zilifutwa. Hilo lilikuwa jema, lakini lilichelewa. Alikuwa amekwisha kuacha kazi, na sikusikia tena habari zake. Na jambo lililonishangaza kuliko yote ni hili: miezi miwili baadaye namba ya 0.02 ilikuwa bado imo katika kompyuta. Kila mtu alikubali kwamba si kweli. Lakini hapakuwa na mtu aliyepewa ruhusa ya kuibadilisha. Yule bwana wa kompyuta alikuwa amekwisha lipwa na kwenda zake. Ofisi ya mafundi ilisema ni kazi ya ofisi ya mipango, na ofisi ya mipango ikasema ni kazi ya mwenye programu. Ilibadilishwa baada ya kikao cha tatu cha chama na uongozi.

Kwa hiyo mimi nasema maelezo ya uwezo wa mashine yana tarehe, kama vile maziwa. Kuna uwezo wa kitabu, na kuna uwezo wa leo. Pacha wa kweli ni yule ambaye namba zake hupimwa tena kila baada ya muda uliokubaliwa, na kila zinapotengenezwa beringi au reli. Asiyepimwa tena ni picha ya ukutani.

Tena uwezo si wa mashine peke yake. Nitawapa mfano wa hatari. Mashine inaweza kuzunguka mara 3,000 kwa dakika, na kitabu kimeandika hivyo. Lakini taya zilizofungwa, zile tunazoziita chaki, zimepigwa mhuri kwamba zisizidi 2,000. Uwezo wa pale, siku ile, ni 2,000, na ukifunga kipande kirefu kisicho sawa utashuka chini zaidi. Kompyuta iliyoambiwa habari ya mashine na haikuambiwa habari ya chaki itaamuru 3,000, na kitakachoruka hakitaruka kuelekea ofisini. Maelezo yawe ya vitu vyote vinavyokaa pamoja: mashine, chaki, kisu, kipimo cha kupimia, maji ya kupozea, na mtu aliyefundishwa.

Nimetaja mtu. Hapo nawaomba mfungue masikio, hata walioko nyuma.

Mwaka 2021 ilitoka kanuni ya dunia juu ya mapacha wa viwandani, inaitwa ISO 23247, nayo ilitoka ikiwa na sehemu 4. Ndani yake kuna orodha ya vitu vya kiwandani vinavyoweza kutazamwa na kuwekewa pacha. Mashine zimo. Malighafi zimo. Jengo limo, na hali ya hewa ya ndani. Na wafanya kazi wamo. Sisemi kwamba kanuni ile ni mbaya. Ni kweli pacha wa kiwanda hawezi kupanga kazi bila kujua nani yupo zamu na nani amefundishwa kuendesha mashine gani, na mara nyingine kujua mtu yuko wapi kutaokoa uhai wake. Lakini kutoka kuandika "huyu anaweza kuendesha milingi" mpaka kuandika "huyu amesimama chooni dakika 9" ni hatua fupi sana, na waya ni ule ule.

Hata bila kumtazama mtu, mashine humsema. Mashine za siku hizi hutoa habari zake kwa lugha za pamoja. Wamarekani wana moja inaitwa MTConnect, iliyotoka mwaka 2008. Inasema: sasa nakata, sasa nimesimama, mlango umefunguliwa. Ukiziweka habari hizo pamoja na orodha ya zamu umekwisha mpata mtu. Na muda ambao pacha anahesabu kwa kipande kimoja ni muda wa kisu kukata chuma. Hauna ndani yake kuondoa nyuzi za chuma zilizojisokota, kungoja kreni, kutafuta maikromita aliyoichukua mwenzako, wala umeme uliokatika ukarudi. Kiswahili chetu kina neno moja, uwezo, tunalitumia kwa mambo mawili: ni kazi gani unaweza, na ni kiasi gani unaweza. Ofisini nao huchanganya vivyo hivyo. Maelezo yaliyotengenezwa kujua mashine inaweza kazi gani, baada ya mwaka utayakuta mezani kwenye mazungumzo ya mishahara yakiwa kipimo cha vipande kwa saa. Tukatae kabisa. Muda wa pacha usiwe muda wa mapatano mpaka umepimwa karakanani, mchana na usiku, mwakilishi wetu akiwepo.

Vita hivi si vigeni. Katika miaka ya 1940 huko Marekani palikuwa na njia mbili za kuzifanya mashine zijiendeshe. Katika njia ya kwanza fundi alikereza kipande cha kwanza kwa mkono wake, na mashine ikakumbuka mwendo wa mkono ule katika utepe. General Electric walikuwa na mtambo wa namna hiyo. Katika njia ya pili mwendo wote uliandikwa kwa namba ofisini, na mwaka 1952 chuo cha MIT kilionyesha mashine ya milingi ya namna hiyo. Njia ya pili ndiyo iliyoshinda. Ilikuwa na faida zake za kweli, kwa maana kuna maumbo ya mabawa ya ndege ambayo mkono hauwezi kuyafuata. Lakini mwandishi wa historia Bwana David Noble, katika kitabu chake cha mwaka 1984, alieleza kwamba haikushinda kwa ubora wa chuma tu; matajiri waliipenda pia kwa sababu ilitoa ujuzi karakanani ikaupeleka ofisini. Leo tunaona kitu cha ajabu: ofisi imegundua kwamba bila ujuzi wa karakanani pacha wake ni kipofu. Wanahitaji kujua kwamba namba 7 imelegea. Habari hiyo haimo katika kitabu chochote. Imo katika masikio yenu.

Basi habari hiyo ina thamani, na chenye thamani hakitolewi bure kwenye korido. Mimi sisemi tuifiche. Fundi anayeficha kwamba mashine imelegea anamwua mwenzake wa zamu inayofuata. Nasema iandikwe rasmi, na anayeiandika atambuliwe kwa kazi hiyo, kwa saa zake na kwa daraja lake.

Nimeulizwa kama tuna nguvu yoyote ya kisheria. Tunayo kiasi. Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 inamtaka mwajiri, tunapojadili mapatano ya pamoja, aupe chama habari zinazohusika ili tuweze kujadiliana sawasawa. Namba za pacha zikitumiwa mezani, basi zinahusika, na tuziombe kwa barua. Sheria ya Kulinda Habari za Watu ya mwaka 2019 inampa kila mtu haki ya kujua habari zake zinatumiwa kwa kazi gani, kuziona, na kutaka zisahihishwe zikiwa si kweli. Tena inamlinda, isipokuwa katika hali zilizotajwa, asiamuliwe jambo zito kwa hesabu ya mashine peke yake bila binadamu kulitazama. Na ikiwa pacha amesema watu wamezidi, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inataka chama na afisa wa kazi wapewe taarifa, na sababu, si chini ya mwezi mmoja kabla. "Kompyuta imesema" haitoshi kuwa sababu.

Wenzetu wa Ujerumani wana zaidi. Sheria yao ya mabaraza ya viwandani ya mwaka 1972, katika kifungu cha 87, inasema chombo chochote kinachoweza kutumiwa kuchungulia mwenendo au utendaji wa wafanya kazi hakiingizwi mpaka baraza la wafanya kazi limekubali. Hapa kwetu hatuna kifungu kama hicho. Lakini hakuna kinachotuzuia kukiandika katika mapatano yetu wenyewe, na kamati yenu imekwisha anza kukiandika: kwamba kila namba ya uwezo iwe na tarehe ya kupimwa na jina la aliyepima; kwamba fundi wa mashine awe na njia ya kupinga namba hiyo kwa maandishi, na akishapinga, barua ya onyo isitolewe mpaka mashine imepimwa tena; na kwamba habari za mashine zisigeuzwe kuwa habari za mtu bila chama kukubali.

Kuna ndugu walioniambia nje, "Mzee, wewe unaogopa kompyuta." Hapana. Nimeona pacha mzuri akitambua kwa mtetemo kwamba beringi inakufa, siku kadhaa kabla haijafa, na mtu akaokoka vidole vyake. Nikipewa pacha wa namna hiyo nitampa na kiti.

Jambo la mwisho ni la kazi ya juma hili. Katibu amechapa karatasi, ziko mezani pale mlangoni. Kila fundi wa lethi, wa milingi na wa drili achukue moja kwa kila mashine anayoendesha. Andika namba ya mashine. Andika kazi inazozifanya vizuri na zile ambazo wewe usingeipelekea. Andika inapokaa sawa na saa ngapi inapotangatanga. Andika chaki iliyofungwa na mwendo uliopigwa mhuri juu yake. Na kama unaweza kupata maikromita, pima vipande 30 uandike vyote, hata vibaya. Usiandike jina la mtu yeyote. Wawakilishi watazikusanya siku ya Ijumaa, wa zamu ya usiku wamwachie bawabu katika bahasha. Kalamu mje nazo wenyewe, chama hakina.

Sasa niko tayari kwa maswali, na yule ndugu wa unga aanze.